Siku Sitini na Moja Zisizopimwa

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe, wifi na watoto. Natumai kikohozi cha mdogo kimekwisha na usiku sasa mnalala. Mimi ni mzima wa mwili, ila nimechoka, na uchovu wenyewe si ule wa kulala ukaamka umepona. Ni ule wa kukaa na kikombe cha chai mkononi hadi kinapoa, ukakumbuka kwamba ulitaka kunywa. Baba naye yupo. Macho yanazidi kufifia na magoti yamemgomea, lakini ulimi bado mzima. Kila asubuhi, hata kabla hajaitikia shikamoo yangu, huniuliza maji yamefika wapi.

Usishangae kupata barua ya karatasi zama hizi. Kwenye simu nikimtaja Baba tu, laini hukatika, na wala si kosa la kampuni ya simu. Barua huwezi kuikata. Unaweza kuichana, lakini nakuomba uifikishe mwisho kwanza.

Kazi yangu unaijua, ingawa hupendi kuisikia. Bado niko kwenye kile chumba cha madirisha mawili mwisho wa gati, alipokaa Baba miaka thelathini na mmoja. Siku hizi kuna mtambo unaopima usawa wa bahari wenyewe na kupeleka namba moja kwa moja. Hata hivyo bado nashuka zile ngazi saa moja asubuhi na saa tisa alasiri nikasome ubao wa vipimo, maana mtambo nao huchanganyikiwa. Enzi za Baba hapakuwa na mtambo. Palikuwa na ubao, penseli na daftari, na mwisho wa mwezi fomu ikitiwa kwenye bahasha.

Mwaka huu nchi nyingi zimekubaliana kukusanya madaftari yote ya zamani, kwa sababu bahari ni moja na hakuna nchi inayoweza kujua peke yake imepanda kiasi gani. Kwa hiyo miezi mitano sasa naingiza namba za Baba kwenye kompyuta, moja moja, mpaka shingo imekuwa kama mti. Kila Alhamisi tuna kikao cha mtandaoni, watu wa nchi tano. Mmoja anakula kifungua kinywa, mwingine anapiga miayo akitaka kwenda kulala, mwingine paka wake anapita mezani na hakuna anayecheka tena. Hakuna anayesema amechoka, lakini nyuso tunaziona.

Anayekagua namba zetu ni mama mmoja wa ng'ambo, mpole sana, mimi humwita Bi Mkaguzi. Mwezi uliopita aliniandikia kwamba ameona jambo kwenye daftari letu. Siku sitini na moja za mwaka mmoja zinafanana na tarehe zilezile za mwaka uliotangulia, namba kwa namba. Alisema hamlaumu mtu, ila utaratibu ni kwamba kituo kisipoeleza kilichotokea, madaftari yake yote hayaaminiki tena, na miaka thelathini na mmoja yote itawekwa kando. Akanipa wiki mbili.

Mtu wa kazi yetu hawezi kukosea hivyo. Bahari haina habari na kalenda, inafuata mwezi wa angani. Tarehe ambayo mwaka jana ilikuwa na bamvua, maji yamejaa hadi ngazi ya juu, mwaka huu inaweza kuwa na maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana. Anayenakili tarehe kwa tarehe ni mtu asiyejua lolote kuhusu maji.

Mwaka wenyewe ni ule wa Mama. Najua hapa mkono wako umetaka kuikunja barua. Vumilia, Kaka.

Ulikuja mazishini kutoka masomoni ukakuta daftari juu ya meza, ukalipekua. Kila siku ina namba, asubuhi na alasiri, na saini ya Baba chini yake, hata siku aliyofariki Mama. Hospitali ilikuwa safari ya saa tano kwa basi. Ukapiga hesabu zako, ukamwambia mbele za watu kwamba aliona bora akatazame maji kuliko kumshika mkono mkewe. Shangazi alijaribu kukueleza kwamba Baba hakubanduka pale kitandani, ukasema anamtetea kaka yake. Baba hakujibu neno. Ukachukulia kimya chake kuwa ni kukiri, ukaondoka, na huu ni mwaka wa kumi na tisa.

Kaka, zile namba niliziandika mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Baba alipoondoka na Mama kwenda hospitali, alinikataza kushuka ngazi kwa sababu ya utelezi. Aliniambia siku isiyopimwa iachwe wazi, kwamba nafasi tupu kwenye daftari si aibu. Mke wa mlinzi wa gati akawa analala nami. Wiki ya kwanza niliacha wazi kama nilivyoambiwa. Kisha akaja mkubwa mmoja wa ofisini, akafunua daftari, akasema kituo kisicho na namba si kituo, kitafungwa, na wanaokaa nyumba ya kazi watafute pengine. Huenda alikuwa anajisemea tu, lakini mimi nilianza kufikiria vyombo vyetu vikiwa nje.

Nikashuka siku mbili. Siku ya pili niliteleza nikachanika muundi, lile kovu uliloniuliza nikakudanganya kwamba ni baiskeli. Baada ya hapo nilichoka. Kulikuwa na shule, kupika, na kungoja habari za Mama ambazo kila zikija ni mbaya zaidi. Nikafungua daftari la mwaka uliotangulia na kunakili. Nikajaza hata ile wiki niliyoiacha wazi. Saini ya Baba niliifanyia mazoezi nyuma ya daftari la hesabu, na fomu mbili za mwezi nikazipeleka posta mwenyewe. Nilijiona shujaa.

Siku ile uliposhika daftari na kulipiga mezani, ndiyo mara ya kwanza Baba kuliona tangu aondoke. Alitazama ukurasa, kisha akanitazama mimi, nimesimama mlangoni na sinia la vikombe. Alijua papo hapo. Ili akuambie kwamba alikuwa hospitalini, ilimpasa aseme nani aliandika, mbele ya ukoo mzima na wakubwa wake waliokuja kuzika. Akanyamaza. Wiki mbili baadaye alinishika mkono tukashuka ngazi, siku nne mfululizo, akanionyesha jinsi maji yanavyochelewa karibu saa moja kila siku. Alinifundisha kama somo la kawaida, hakugusia lingine.

Wewe ndiye uliyenipa jina la Chiriku, kwa sababu sikuwa na breki mdomoni. Hili moja nililinyamazia. Mwanzoni ilikuwa woga, baadaye aibu, na baadaye nikawa nimeshazoea kuwa na baba huku na kaka kule. Nisamehe kwa hilo zaidi kuliko namba.

Nilipomsomea Baba swali la Bi Mkaguzi, alisema niwaache watupe yote, kazi yake ameshaifanya na yeye anaijua, mimi nisiharibu yangu. Ndiyo mara ya kwanza maishani kumkatalia usoni. Jumanne nilieleza kila kitu kwa maandishi. Jumatatu ijayo naitwa makao makuu, mimi mkuu wa kituo nieleze kwa nini nilighushi nikiwa mtoto na kunyamaza nikiwa mtu mzima. Wakiniondoa, basi. Nimechoka kulibeba.

Bi Mkaguzi amejibu kwamba miaka ya Baba inabaki yote, isipokuwa zile siku sitini na moja zinazofutwa. Akaniuliza nataka kuandika nini kwenye sehemu ya maelezo, inayosomwa na kila nchi. Nimeandika hivi: siku hizi hazikupimwa, mpimaji alikuwa hospitalini akimuuguza mke wake hadi mwisho.

Nilimsomea Baba. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akafuta macho yake mabovu, kisha akaniuliza kama nadhani wewe utayaona maelezo hayo. Nikamwambia nitakuandikia.

Mpigie, Kaka. Saa nne asubuhi huwa anakaa karibu na simu, anasema anaota jua, lakini pale kwenye simu jua halifiki. Mimi usinisamehe kwanza, nitapanga foleni nyuma yake.

Nisalimie wifi, na watoto wabusu kwa niaba ya shangazi yao wasiyemjua. Sasa naweka kalamu chini, saa tisa inakaribia na ngazi zinaningoja.

Mdogo wako,
Chiriku