Injini Haiendi Misisi

Jumatatu, 8 Julai

Jeep imegoma tena! Umande kwenye kioo, vidole vimekufa ganzi, nayo inakoroma tu bila kuwaka. Nikaita watu wa kusukuma. Walikuja, lakini wamenichoka, naona. Jirani yetu Nzohabonayo akauliza kwa nini tusiifungie ng'ombe wawili waivute. Wote wakacheka. Na mimi nikacheka, ila kwa meno tu.

Kisha Casimir. Kaka yangu mkubwa hapigi kelele, ndiyo shida yake. Alisema kwa upole kwamba amepata mtu wa Misisi anayetaka injini tu, iendeshe pampu ya kutoa maji kwenye mashimo ya dhahabu. Bodi libaki huku Bibokoboko milimani, kuku walale ndani. Injini ya marehemu baba! Nikamwambia ninaishi kwa gari hii. Maharage, viazi, wagonjwa, maharusi — nani anawashusha mjini Baraka kama si mimi? Akasema mimi ni binti, kesho nitaolewa, gari itakwenda kwa watu wengine.

Damu ikanipanda kichwani. Na mdomo wangu huu! Nikasema mbele ya Mama: Jumapili alfajiri, kabla ya misa, itawaka yenyewe bila kusukumwa na mtu. Isipowaka, ichukue. Akakubali haraka mno.

Nimeshasema. Sasa lazima iwake.

Jumanne, 9 Julai

Nimeshuka Baraka na maharage ya watu. Joto, jasho, ziwa linaumiza macho. Nikazima gari karibu na soko, nikangoja mpaka injini ikapoa kabisa. Nikagusa ufunguo — ikawaka papo hapo! Mnafiki mkubwa.

Dany fundi, ambaye huniita "ya" kama dada yake mkubwa, alikuwa ananitazama huku anatafuna muhogo. "Hii motokari iko muzima kabisa, ya Solange. We njo uko mugonjwa." Halafu akasema ni batri. Kila mtu anasema ni batri! Batri ni mpya, nikamwambia. Basi ni maji ndani ya mazutu, akasema. Tukamwaga dizeli yote ya chini ya tangi, tukabadilisha filta. Maji hakuna, hata tone.

Njiani wakati wa kupanda nimewaza jambo moja tu. Ni ugonjwa gani huu unaopona ukishuka ziwani?

Jumatano, 10 Julai

Imegoma. Vizuri! Leo sikumwita mtu yeyote, nilitaka kuisikiliza. Démarreur, mota ya kuwashia, inaizungusha injini kwa nguvu, basi batri haina kosa. Waniombe radhi wote! Nikamweka Mama kwenye ufunguo, mimi nikaenda nyuma kwenye ekzosi. Moshi mweupe, unanuka mazutu mabichi. Kumbe mazutu yanafika, ila hayashiki moto. Kinachokosekana ni joto!

Mama hakungoja hotuba yangu. Alikwenda jikoni akarudi na mbabula imejaa makaa mekundu, akaisukuma chini ya injini. Nikapiga kelele kwamba tutaungua sisi na nyumba. "Unapashaka chakula, utashindwa kupasha chuma?" akasema. Tukangoja. Nikawasha.

IKAWAKA! Nilimkumbatia Mama mpaka kitambaa chake cha kichwa kikaanguka.

Casimir akatoka na mswaki mdomoni. Jumapili hakuna mbabula, akasema. Sawa tu, hata mimi sitaki moto chini ya mazutu. Lakini sasa najua. Injini za mazutu zina bougie zake, vijiti vya chuma vya kupasha moto ndani kabla ya kuwasha. Na kuna taa kwenye dashibodi ya kuonyesha vinapasha. Taa hiyo sijaiona ikiwaka tangu baba ainunue gari kwa mtu wa Baraka. Siku zote nilidhani ni taa tu imekufa.

Alhamisi, 11 Julai

Asubuhi nzima nimelala chini ya dashibodi, miguu nje. Casimir alipita akauliza kama nimehamia humo. Nilikuwa nimeshika waya mnene unaotoka kwenye bougie, naufuata kidogo kidogo.

Umekatwa!

Umekatwa na kufungwa utepe mweusi. Na umeme uliokuwa unakwenda kwenye bougie umepelekwa — nilicheka mpaka nikagonga kichwa — kwenye redio! Ile redio ambayo ukigusa ufunguo tu inaimba kwaya nzima! Miaka yote hii injini inakufa baridi, nyimbo zinakula joto lake. Na baba, maskini, alivyoisifu ile redio!

Ijumaa, 12 Julai

Baraka tena. Nilikwenda kwa Dany na ule utepe mweusi mkononi kama askari aliyemkamata mwizi. Hakuona haya hata kidogo.

"Ya Solange, huku joto iko ya bule. Kila motokari yenye kufika hapa, tunakataka ule waya. Bougie inakula batri tu. Sisi bote tunafanyaka vile."

Wote! Mji mzima! Nikamwuliza kama amewahi kulala Bibokoboko mwezi wa saba. Akasema hapana, kule anasikia watu wanavaa makoti mawili. Basi na injini nayo ilitaka koti lake, nikamwambia. Hapo ndipo alipocheka, akachukua vifaa vyake.

Tulizitoa bougie, tukazigusisha kwenye batri moja moja. Mbili zikawa nyekundu kama pilipili. Nyingine zimekufa. Dany akanitafutia nzuri kwenye lori bovu nyuma ya kibanda chake. Waya nimeuunga mwenyewe, nilikataa aushike.

Jumamosi, 13 Julai

Nimefika nyumbani mchana. Inawaka, lakini hiyo si kitu, injini ina joto la safari. Jibu liko kwenye baridi ya kesho tu. Naogopa. Hapa naweza kuandika, naogopa sana.

Mtu wa Misisi yuko kwetu tayari. Anaitwa Bertin, ana adabu, ana mfuko wa funguo za fundi. Alipiga injini kofi dogo kama mtu anayechagua mbuzi. Nilimpa chakula, na chumvi nikaisahau kwa makusudi.

Jumapili, 14 Julai

Baridi mbaya kuliko zote za mwezi huu. Asante Mungu! Isije ikasemwa nilibahatika.

Wote walisimama uani, mikono kwapani. Casimir, wajomba, Nzohabonayo, Bertin na mfuko wake. Nikageuza ufunguo nusu. Taa ikawaka! Rangi ya chungwa, sijaona kitu kizuri hivyo. Nikatulia. Casimir akauliza nangoja nini. "Acha ivae koti," nikamjibu. Taa ikazimika. Nikamalizia ufunguo.

Mara moja! Haikukoroma, haikukohoa — mara moja tu! Nzohabonayo akarusha kofia juu. Mama akapiga vigelegele mpaka mbwa wakaitikia. Mimi nililia, na wala sioni haya. Hata Casimir alisema, bien, umeshinda.

Sasa niko bado ndani, naandika juu ya usukani, injini inanguruma. Kwa sababu Bertin hakuondoka. Anasema kama ni nzima hivi, basi hataki injini peke yake, anataka jeep yote, na leo. Na Casimir, baada ya kusema nimeshinda, anamsikiliza! Wajomba nao wamesogea. Naona mikono inapanda na kushuka, nasikia neno binti, neno ndoa. Hakuna aliyekuja kuniuliza mimi. Milango nimefunga. Sishuki.

Mama anagonga kioo. Amevaa pagne yake, kitenge cha misa. Nimemfungulia, amepanda mbele, amekaa, amejifunga mkanda ambao siku zote anasema unamkaba.

"Nani njo dereva hapa?" ananiuliza.

Mimi, Mama.

"Basi tuende. Na mapadri wa chini nao baone iyi motokari."

Kanisa la chini? Lile la Baraka! Casimir amekuja kusimama mbele ya gari, mikono juu. Nimeweka gia. Nimempigia honi — anasogea! Kalamu naiweka chini, tunashuka.