Gari Limechuchumaa

Baba,

Chai iko kwenye chupa. Mbwa hajala, bado anakusubiri.

Gari nimelichukua, nampeleka Bibi kliniki ya macho. Tangu uziinue springi ili upande milima, mlango umekuwa wa ghorofani. Asubuhi Bibi alilitazama, nikataka kumbeba. "Mimi si gunia," akasema, akageuka kurudi ndani. Angeikosa zamu yake tena. Basi nikapiga jeki, nikachukua spana, nikazishusha pete zinazobana springi, magurudumu yote sawasawa kama ulivyonifundisha. Gari likachuchumaa. Bibi akapanda mwenyewe, akafunga na mkanda.

~~Jioni nitaziinua tena.~~

Ukiwa na ubavu wa kuziinua tena, kamwambie mama yako mwenyewe.

Binti yako, fundi wa dharura