Pole Aliyopewa Oddbjørn

Dada yangu mpendwa Gudveig,

Natumaini barua hii itakukuta salama, na kwamba goti lako limekubali tena kupanda ngazi. Sisi huku hatujambo, ila mvua haijatupa nafasi ya kuanika hata soksi. Najua unangoja jibu la ombi lako la kwenye simu. Nitalifikia, lakini niache kwanza nikusimulie yaliyonipata.

Kila mwaka hapa hospitali tunafundishwa kutunza siri za wagonjwa, na kila mwaka watu hukaa wakifuma sweta zao huku mkufunzi akisoma sheria ukutani. Safari hii mkuu wetu alinitwisha mimi, akitaka somo la kuwaamsha. Nikaoka keki, nikawaambia leo tunacheza. Nikawasimulia mgonjwa niliyemtunga kichwani: mwanamume aliyefiwa na mke, anakaa karibu na kivuko, ana mbwa anayechechemea, na tumboni ana uvimbe mbaya. Jina sikutaja. Nilitaka tujadili kama mtu wa namna hiyo anaweza kutambulika.

Keki haijaisha, wakaanza kunong'onezana kwamba ni Oddbjørn, yule fundi mashua. Nikawaambia mgonjwa huyo hayupo, nimemtunga. Wakanikonyeza. Walidhani ndivyo mtunza siri anavyotakiwa kusema, na kadiri nilivyokana ndivyo walivyozidi kuamini.

Uvumi ukatoka hospitalini, na kesho yake Oddbjørn akakuta keki za pole mlangoni, na majirani wanamsalimu kwa sauti za msibani. Akaja hospitali. Nilitamani ardhi inimeze. Hakugomba, alisema tu, “Mimi mzima, Torunn. Ila mmenifunza kitu. Siku nikiugua kweli, hapa siji. Bora nife na ugonjwa wangu nyumbani.”

Aliniruhusu niwaambie wenzangu maneno hayo, nikawaambia kwenye somo lililofuata. Hakuna aliyegusa sindano ya kufumia.

Sasa ombi lako. Ulitaka nichungulie kwenye kompyuta kama mwanao Sindre amelazwa kwetu, maana mwaka wa pili huu hamsemezani. Naungama, dada, niliandika jina lake. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe nilipomkumbuka Oddbjørn, nikalifuta. Kwa hiyo sijui, na hata ningejua nisingekwambia. Nikasirikie ukitaka. Inaniuma kukunyima, lakini sitafanya.

Lipo jingine nililokuficha. Sindre hunipigia simu. Juzi aliniuliza kama ni kweli unaumwa, na madaktari wanasemaje. Ya kwake hakuyagusa. Nikamjibu kama ninavyokujibu wewe: “Mwanangu, ya mama yako si yangu kuyasema. Muulize mwenyewe.”

Kisha akaniuliza kama namba yako ni ile ile. Hilo nilimjibu.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na simu usiizime.

Mdogo wako akupendaye,
Torunn