Mume Wangu Amejibu Posa kwa Sitiari

Mpendwa Mshauri Bi Warsiti, naomba msaada wako, na nakuomba sana usilitaje kanisa letu hewani, maana Salatiga ni ndogo na akina mama wote wa kwaya wanakusikiliza wakikaanga tempe zao za soya.

Mimi ni mke wa mchungaji, mwaka wa thelathini na moja huu, na mume wangu alikuwa mtu wa maneno machache, mahubiri dakika kumi na tano tunaenda kula, mpaka Februari alipotujia binti wa chuo kikuu kutoka Yogyakarta, anaitwa Endahwati, anasoma isimu, akaomba kurekodi mahubiri aone lugha yetu ya Kiindonesia inavyojengwa madhabahuni, sentensi zipi zinamtaja mtenda na zipi zinamficha, na sitiari ni ngapi, mara Mungu ni mwamba, mara moyo ni shamba la mpunga, nami nikamkaribisha chai, kumbe najipalia makaa mwenyewe.

Kwani binti yule, kwa heshima tu, alimwonyesha jedwali lake, na kwenye jedwali mume wangu ana sitiari ishirini na mbili kwa kila mahubiri, na mchungaji mmoja wa Klaten, waliyesoma naye theolojia na hawajawahi kupikika chungu kimoja, ana arobaini. Tangu siku hiyo nyumba haikaliki. Mahubiri ni saa moja na nusu, wazee wa kanisa wanakoroma, na akirudi nyumbani anaendelea, chumvi ikizidi haniambii imezidi, ananiambia bahari imesahau mipaka yake, na alipoangusha sahani yangu ya harusi akasema sahani imevunjwa, nikamwuliza imevunjwa na nani, akasema sentensi imekamilika hivyo hivyo.

Hayo ningeyameza. Lakini Jumamosi iliyopita walikuja watu wa kijana Damar kumposa binti yetu Retnaning, watu kumi na wanne kutoka Ambarawa, wamevaa batiki za sare, wameleta wajik, ule wali wa kunata wa sukari ya mnazi, ili watoto washikamane vivyo hivyo, na mshenga wao akauliza kwa adabu zote kama ua la bustani hii lina mwenyewe, na mume wangu akasimama, Endahwati yuko pembeni na kinasa sauti chake, akajibu dakika arobaini nzima, mtini, kisima, ngamia, taa isiyo na mafuta, mzabibu unaopogolewa, hata mimi niliyezaa na mtu huyu sikujua kama amekubali au amekataa, neno ndiyo halikutoka, na zamu ya Retna kuulizwa ikapitwa, baba yake akaketi akifuta jasho. Wageni wakatazamana, wakashukuru, wakaonja chakula kidogo kwa heshima, wakaondoka na wajik wao. Mtaa mzima uliona wali ukirudi garini.

Leo siku ya nne Damar hajapiga simu, Retna hali, amejifungia chumbani, na baba yake anasema alikubali, tena kwa ufasaha, wasiojua kusikiliza wasimlaumu mhubiri. Siwezi kumkosoa mume wangu mbele ya watu, na nikiwafuata wale itaonekana tunamtembeza binti. Nifanye nini, Mshauri?

Mama Mchungaji, Salatiga

*

Mama Mchungaji, pole. Nimecheka kwanza, huruma ikaja baadaye, nisamehe.

Mumeo ameugua alama za darasani uzeeni, na hilo lina dawa. Wewe je? Dakika ya tano ulishajua mzee kapotea, ukabaki unapanga vikombe. Unaniambia heshima. Heshima gani hiyo inayowarudisha wageni kumi na wanne na chakula chao? Na hao wa Ambarawa nao wangeuliza, kuuliza si ujinga, lakini ni Wajawa kama sisi, bora wafe kuliko kuuliza mara mbili. Halafu umeniandikia kurasa tatu za majirani na wali, na huyo binti aliyejifungia chumbani umempa nusu mstari. Nimekasirika hapo, nakuambia kweli.

Acha habari ya kumtembeza binti. Leo hii, si kesho, mpigie mshenga wewe mwenyewe, umwambie: "Tulikubali, tulisema vibaya, tunakuja kuomba radhi." Usipambe. Kisha pika wajik wako, sufuria kubwa, na mumeo ndiye akoroge. Kukoroga wali wa kunata saa tatu kunamaliza pumzi ya mtu, hatabaki na ya kuhubiri. Endahwati abaki nyumbani na kinasa chake. Mumeo akinuna, mwambie posa si mahubiri, haiingii kwenye jedwali, na kama wa Klaten anaongoza, aongoze salama.

Mkifika Ambarawa atasema sentensi moja tu, na mtenda amtaje: "Nimekosa mimi." Akiongeza hata mzabibu mmoja, mvute shati, mbele ya watu hivyo hivyo, dunia haitaanguka.

Halafu akae, Retna aulizwe yeye, ajibu kwa mdomo wake. Akisema ndiyo, pakueni. Akisema hapana, maana siku nne za simu isiyolia zinamfundisha mtu, chukua sufuria yako mrudi nyumbani kimya. Damar alikuja kumposa Retna, Mama, hakuja kumposa mumeo.