Kadi ya Basi ya Babu

TANGAZO RASMI kwa Mama, mgombea udiwani katika uchaguzi mdogo wa leo: ushindi wako umelindwa. Pai iko kwenye jokofu. Mbwa ameshakula, asikudanganye.

Asubuhi Babu alisema, "Binti yangu nampenda, lakini mpinzani wake, Tunnard, ndiye aliyehangaika mpaka mashimo ya barabara yetu yakazibwa. Kura yangu ni yake." Sasa haioni kadi yake ya basi, kitambulisho chake pekee chenye picha, na bila hicho hapigi kura. ~~Usimsaidie kuitafuta.~~

Babu amesimama nyuma yangu, anasoma. "Haya, mheshimiwa, iko wapi?"

Imo ndani ya buti lake la bustani. Niliificha mimi. Namsindikiza kwenye kituo cha kupigia kura sasa hivi, akamchague Tunnard. Nisamehe, Mama.

Mwanao,
Barnaby