Kopo Nililomnyang'anya Mtalaka wa Mume Wangu

Mpendwa Shangazi, naomba unisome ukiwa umekaa, maana mimi tangu Jumatatu sikai nikatulia. Mimi ni fundi cherehani, mume wangu ni fundi wa friji, na mtalaka wake ni msusi, saluni yake iko mtaa wa pili, na wivu ninao, sikatai, lakini nani asingekuwa nao akimsikia mumewe bafuni ananong'ona kwenye simu, "Kile kitu changu nitunzie vizuri, wewe tu ndiye ninayekuamini"? Wewe tu! Na mimi niliyemfulia ovaroli miaka sita ni nani, mpangaji? Roho ikaniuma, nikaacha gauni la mteja kwenye mashine, nikaenda mpaka saluni, wateja wamejaa, nikapiga kelele, "Nipe kitu cha mume wangu, cha mume wangu ni changu!" Wala hakubisha, Shangazi, akainama chini ya meza, akatoa kopo la biskuti lenye kufuli na ufunguo wake, akanipa haraka haraka huku anatabasamu, "Chukua, dada, nimekuachia." Nikarudi nimelikumbatia kama nimeshinda kesi, nikijua humo mna picha zao. Nikafungua: bastola! Tena imeviringishwa kwenye ile foronya ya maua niliyomshonea mume wangu kwa mkono wangu, aliyoniambia imepotea, na kusema kweli foronya ndiyo iliyonitoa machozi.

Nimelificha kopo kwenye droo ya cherehani, ufunguo nimeuvaa shingoni. Mume ameshajua. Nilimuuliza kuhusu kibali cha silaha, akaniuliza chai iko wapi. Sasa anawahi kurudi, ananiita "kipenzi", jina nililolisikia mara ya mwisho tukiwa wachumba, anabembeleza nimpe. Nikimpa, atairudisha kwa yule yule. Nisipompa, ananing'ang'ania mimi. Shangazi, nikae nayo? Si yangu, sikuinunua, kwa hiyo kosa si langu, au vipi?

Mwenye Ufunguo

Mwenye Ufunguo,

Pole kwa foronya. Sasa nisikilize, maana wivu umekuziba masikio. Unauliza bastola ni ya nani, kana kwamba polisi watakuja kutafuta risiti. Ukikutwa na silaha isiyo na kibali, sheria haianzi kwa kuuliza nani alinunua. Inauliza: ulijua kilichomo? Umekiona kwa macho yako. Nani alikuwa akikidhibiti? Droo yako, ufunguo shingoni mwako. Basi unayo, hata ukiwa sokoni nayo iko nyumbani. Usingefungua kopo ungekuwa na la kujitetea. Ulifungua, ukafunga, ukaficha. Na mumeo hajasalimika, watu wawili wanaweza kuwa nayo kwa pamoja. Labda ndicho kitu pekee mnachomiliki pamoja kwa sasa.

Eti unamwonea wivu msusi kwa kuaminiwa! Mwanangu, mumeo hakumpa moyo wake, alimpa kesi yake aitunze. Alipoona mtu anakuja kuipigania, akatabasamu. Ningekuwa mimi ningekununulia na soda.

Usimrudishie mumeo, hata akuite malkia. Kumkabidhi ni kosa jingine. Usiitupe, usiifute alama za vidole, usizunguke nayo kwenye mkoba. Leo hii, kabla hujamaliza lile gauni, nenda kwa wakili, mweleze yote, mwende naye polisi, waje waichukue wenyewe hapo ilipo. Na usirudi nyumbani peke yako. Mumeo atanuna, huenda akaondoka. Mume anayebaki kwa sababu ya droo, huyo huna hata sasa.

Fanya haraka uwe wa kwanza kusema ukweli. Saluni nzima ilikusikia ukisema ni chako.