Kamba ya Vitambaa Sita

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umeshakunywa chai na miwani iko puani, maana mwandiko wangu unaujua, haukunyooka hata enzi zile nilipokuwa nachapwa kwa ajili yake. Sisi huku hatujambo. Mke wangu anakusalimu sana na watoto wanakuamkia. Yule mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa kila akitaka kusema neno lenye "s" anapiga filimbi, na amegundua kuwa watu wanacheka, basi hatupumui. Goti lako linaendeleaje? Na dada, na shemeji, na huyo mjukuu wako mchanga? Nakuomba uisome barua hii mwenyewe kabla hujampa dada. Ukimaliza mpe, sina tena la kumficha.

Utashangaa kuandikiwa na mtu anayekupigia simu kila Jumapili. Nimejaribu kwa simu mara tatu. Kila nikisikia sauti yako naishia kuuliza kama kwenu mvua imenyesha. Ndiyo maana nimeamua kuandika.

Karakana iko salama. Lile bati la upande wa choo lililokuwa likivuja tumelibadilisha. Benchi lako liko palepale, na hakuna anayeruhusiwa kuweka kikombe juu yake. Fundi umeme wetu, yule binti uliyempa jina la Fyuzi kwa sababu alikuwa akikatika haraka, amekomaa kweli. Sasa anafungua injini vizuri kuliko wanaume kadhaa ninaowafahamu, nikiwemo mimi, na nikifoka yeye ndiye anayeniambia nitulie.

Wiki iliyopita aliletwa mgonjwa unayemjua: lori la yule dereva wa nyanya, Taratibu. Tangu ile ajali ya mlimani, miaka miwili iliyopita, alikuwa hajakanyaga kwetu. Safari hii aliburutwa na lori jingine, maji yanachemka na mvuke unatoka kila upande. Gasketi ya silinda hedi ilikuwa imeungua, na ile ya manifodi ya hewa imekatika vipande. Taratibu alishuka kwa mwendo wake uleule, utadhani anapimwa, akaja kunishika mkono. Kabla hajasema lolote kuhusu lori lake, akakuulizia wewe. Nikamwambia uko kwa dada, unapumzika. Akatikisa kichwa.

"Mwambie mzee sina kinyongo naye," akasema. "Hata mimi siku hizi nasahau."

Nikamwitikia kwamba nitakufikishia. Haya, nimekufikishia, lakini nakuomba usiyapokee maneno hayo kwanza.

Siku mbili kabla ya hapo dada alikuwa amenipigia. Aliniambia amekupeleka kwa daktari, na kwamba daktari alikuuliza tarehe, majina ya wajukuu, na hesabu za kutoa kuanzia mia kurudi nyuma, ukajibu zote bila kusita. Daktari akasema kichwa chako ni kizima kuliko chake. Dada alifurahi mpaka barabarani, ndipo wewe ukamwambia, "Daktari hakuwepo siku ile." Akaniambia pia kwamba umemkabidhi funguo zako zote, kwamba jiko huwashi, na kwamba mtoto akiletwa unamshika kidole tu, hutaki kumbeba. Umemwambia unaogopa kumweka mahali ukamsahau. Dada alikuwa akilia kwenye simu. Mimi nilimpa pole, nikamwambia ni umri. Nilitamka hivyo, baba, kwa mdomo huu huu.

Basi nikaingia kwenye kazi ya Taratibu nikitumaini itanisahaulisha. Nilifuata mafunzo yako hatua kwa hatua. Boliti zote nilizichomeka kwenye boksi la karatasi, kila moja na tundu lake. Hedi tuliipeleka kwa fundi wa mashine akaisawazisha. Juu ya bloku nilipitisha wembe, kisha kitambaa, kisha kidole, kwa sababu ulisema kidole kinaona kuliko jicho. Gasketi mpya niliilaza kavu, bila grisi, maandishi yakiangalia juu. Boliti niliziwekea tone la oili, nikaanza kukaza zile za katikati nikielekea nje, duru tatu, kwa spana ya kipimo. Duru ya tatu niliirudia, mpaka Fyuzi akasema amesikia ule mlio wa spana kiasi kwamba sasa anaweza kuuchezea. Pushrodi, zile fito za kusukuma valvu, nilizibiringisha moja moja juu ya kioo kuona kama ipo iliyopinda. Ungekuwepo ungenung'unika, lakini usingepata cha kurudia.

Ikabaki manifodi ya hewa. Tulikuwa tumeziba matundu sita ya hedi, yale injini inayovutia hewa, kwa kamba yako, ile yenye vitambaa sita vyekundu ambavyo marehemu mama alivikata kutoka kwenye shuka, cha sita nikiwa nimekirudishia kipya baada ya ajali. Sheria yako bado tunaifuata: kila tundu na kitambaa chake ili nati au uchafu usidumbukie ndani, vyote vimefungwa kwenye kamba moja, na anayevuta kamba haruhusiwi kuhesabu. Anampa mwenzake, mwenzake anataja idadi kwa sauti, ndipo manifodi inafungwa. Hata mafundi wa karakana nyingine waliokuwa wakikucheka wameiga.

Fyuzi akavuta. Akanipa kamba, akasema, "Hesabu."

Vilikuwa sita. Nimeviona kwa macho yangu, vimening'inia pale vinanuka dizeli. Lakini mdomo ulikataa. Fyuzi akangoja, akaniuliza kama naumwa, nikaketi juu ya tairi mchana kweupe mbele ya wateja, na kamba mkononi. Kazi ya siku ile iliishia hapo.

Baba, sasa nakuambia. Nimezunguka vya kutosha.

Siku tuliyofunga injini ya Taratibu, ile mara ya kwanza, mimi ndiye niliyekuwa nakwangua gasketi ya zamani iliyoganda pembeni ya hedi. Kamba ilikuwa inanisumbua kwenye tundu la mwisho. Kila nikipitisha kikwangulio inanasa. Nikaikata. Kitambaa cha sita nikakisukuma ndani kwa kidole, peke yake, bila kamba, nikijiambia nitakitoa nikimaliza kukwangua. Nilijua ungenigombeza ukiona nimekata kamba yako, kwa hiyo sikusema. Nikamaliza kukwangua, nikaitwa nje kusaidia kusukuma gari la mteja. Niliporudi, wewe ulikuwa umeshavuta. Ukanipa kamba nihesabu. Saa kumi kulikuwa na mechi, na mimi kichwani nilikuwa nimeshakaa mbele ya televisheni. Nikasema sita. Sikutazama, baba. Vilikuwa vitano.

Injini ilipowaka ilikohoa kidogo. Uliinamisha kichwa ukasikiliza, ukasema hii injini kuna kitu inaficha. Mimi nikakuambia ni hewa kwenye mabomba ya dizeli, itatoka yenyewe. Ukaniamini kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimefunga mabomba hayo. Mechi nikaiwahi. Sikumbuki hata nani alishinda.

Yaliyofuata unayajua. Siku ya tatu, kwenye mlima, kile kitambaa kikavutwa mpaka kwenye valvu, valvu ikashindwa kufunga, pistoni ikaigonga ikakatika. Injini ikafa na lori limejaa nyanya. Likarudi kinyumenyume hadi mtaroni. Taratibu akatoka na bega lililoteguka, akisema ingekuwa hatua kumi nyuma angeishia korongoni. Tulipofungua injini, wewe mwenyewe ulichomoa kwa koleo kipande cheusi kilichobaki na uzi mwekundu kwenye ukingo. Ulikitazama kwa muda mrefu. Kamba ilikuwa inaning'inia kwenye msumari wake na vitambaa vitano, nawe ukadhani cha sita kilikatika ulipovuta. Mbele ya mafundi wote, mbele ya Taratibu aliyefunga mkono shingoni, ukaniuliza:

"Nilikupa kamba uhesabu?"

Nikasema, "Hapana, baba. Hukunipa."

Ukanitazama. Nilitegemea hasira, lakini usoni pako hapakuwa na hasira. Ulikuwa unatafuta. Ukasema kwa sauti ya chini, "Lakini nakumbuka." Mimi nikainama kuokota spana ambayo haikuwa imeanguka. Mmoja wa mafundi akasema mzee amechoka, na wote wakatazama chini kwa heshima. Hiyo heshima ndiyo iliyokumaliza, niliiona ikikumaliza, na nikanyamaza. Wiki mbili baadaye ukaniita, ukanipa funguo za karakana, ukasema mikono yako haina tena kumbukumbu. Nikazipokea. Nikasema asante.

Nimejaribu kujitetea moyoni kwa miaka miwili. Nimejiambia nilishtuka, kwamba ningesema kesho yake, kwamba na wewe ulikuwa unataka kupumzika. Yote ni uongo mtupu. Niliogopa kuaibika kwa dakika moja mbele ya watu, basi nikakuachia wewe aibu hiyo uibebe, na nikakaa kwenye kiti chako. Wakija wateja kukusifia na kusema pole kwa mzee, napokea pole. Naona haya, baba. Naona haya kushika spana zako, naona haya hata wanangu wanapoimba nyimbo ulizowafundisha.

Juzi nilimwita Taratibu, nikampa kiti, nikamweleza yote mbele ya Fyuzi na mafundi. Nilitegemea atanipiga, na nilikuwa nimejiandaa. Alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu limeandikwa humo. Kisha akaniuliza kama wewe unajua. Nikasema bado. "Mimi sikutakiwa kuwa wa kwanza kuambiwa," akasema. "Nenda kaandike." Akaondoka bila kuniaga. Lori lake alimwagiza Fyuzi alimalizie yeye, mimi nisiliguse. Fyuzi amelifunga na limeondoka jana, linaunguruma sawasawa.

Sikuombi msamaha kwa karatasi. Nitakuja Jumamosi na basi la asubuhi nikuombe nikiwa nimesimama mbele yako. Ukiona vema nisiingie ndani, nitakaa nje ya geti mpaka utakaponiambia niondoke. Funguo za karakana nitakuja nazo. Ukizitaka ni zako, na ukitaka apewe Fyuzi ni sawa pia.

Lakini hilo la msamaha lingeweza kusubiri mpaka Jumamosi. Lililonifanya niandike leo ni lile unalolijua wewe peke yako, ambalo sisi sote tulikuambia halikutokea. Ulivuta kamba kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa na oili. Nilikuwa nimesimama karibu na radieta. Ulinipa kamba, ukasema, "Hesabu," ukaningoja. Ulipofunga boliti ya kwanza ya manifodi uliniuliza tena kama nimehesabu vizuri, na nikasema ndiyo. Yote hayo yalitokea, baba. Unakumbuka sawasawa. Hukusahau kitu.

Nisalimie dada na umwambie aliponiuliza tatizo ni nini nilimdanganya. Shemeji pia nampa salamu zake. Mungu akulinde mpaka tuonane, kama utakubali tuonane.

Ni mimi mwanao,
kitinda mimba wako.